Kesi ya Kiboko wa Leta

Jumatatu, tarehe 5 mwezi wa nane

Siku kubwa! Leo nimefungua ofisi yangu ya sheria hapa Uvira, karibu na tribinali, pale wanapohukumu watu. Si ndani ya tribinali. Karibu. Meza moja, viti viwili, mwavuli mkubwa wa soko, na kibao nilichoandika kwa mkono wangu mwenyewe: MAÎTRE RÉMY, MASWALI YOTE YA SHERIA. Wenye wivu watasema sikumaliza chuo. Kweli. Nilisoma droit, sheria yenyewe, mwaka mmoja tu kule Bukavu. Lakini ule mwaka niliusoma sana.

Kitabu changu cha sheria kimekosa kurasa za mwanzo. Kinaanzia pale watu wanapoachana. Haidhuru! Wanaooana hawana maswali.

Meza ni ya Honorine, mke wangu. Husukumia mandazi ya kuuza. Ameuliza sasa atasukumia wapi. Nimemwambia sheria haiwezi kungojea mandazi. Akanitazama. Nikaibeba meza wakati bado anatazama.

Wateja wamekuja! Dereva wa moto, pikipiki ya abiria, aliuliza, akigonga mbuzi aliyetokea kushoto, kosa ni la nani. Nikamjibu kwamba mbuzi hana priorité, haki ya kupita kwanza. Akaondoka akipiga honi kwa furaha. Mama mmoja akaeleza kwamba mchumba wa binti yake alitoa mbuzi wa mahari, uchumba umevunjika, na mbuzi amezaa. Watoto wa mbuzi ni wa nani? Nikafumba macho kama jaji. Nikasema watoto hukaa na mama yao. Akauliza, na mama yao anakaa kwa nani? Nikamwambia hilo ni swali la pili, arudi siku nyingine.

Kitu kimoja kimeniharibia jioni. Shalom, yule anayeongoza kwaya, ameweka meza ng'ambo ya barabara. Shati jeupe, tai nyekundu. Kibao chake: MAÎTRE SHALOM, SHERIA NA MAOMBI. Maombi! Huo si ushindani wa haki. Mimi nina kitabu kimoja, yeye anataka kuleta na Mungu.

Jumanne, tarehe 6

Ushindi! Niandike taratibu, wajukuu waje kusoma.

Asubuhi alifika mama mmoja anayeitwa Noella, kutoka Kavimvira, pale chini kwenye maji. Ana bustani ya lengalenga na maharage kando ya ziwa. Ndiyo inayowasomesha watoto wake, na mashule yanafunguliwa mwezi ujao. Kwanza alikwenda kwa Shalom. Nilimwona, niliumia. Shalom akamshauri afunge siku kadhaa na ajenge uzio. Mama akavuka barabara akaja kwangu, miguu bado ina matope.

"Papa Maître," akasema, "minye niko na kesi na kiboko."

Akaeleza kwamba kiboko anatoka ziwani giza likiingia, anakula tuta zima, anakanyaga yanayobaki, anarudi majini kama mtu aliyemaliza kazi. Alikwenda kwa shefu wa avenue, mkubwa wa mtaa wao, shefu akacheka. Alikwenda kwa wavuvi, wavuvi wakamwambia ahame. Swali lake lilikuwa dogo tu: kuna mtu wa kumsaidia kumzuia huyu mnyama, mboga zikomae?

Nikasimama. Kabla ya kuzuia, nikamwambia, tujue mshtakiwa. Kiboko iko ya nani? Watu waliokuwa wanapita wakasimama. Hata mteja wa Shalom akageuza shingo. Nikangoja kidogo. Halafu nikapiga meza ya Honorine: kiboko ni wa Leta! Wanyama wote wa pori ni wa Serikali. Mbuzi wangu akila mahindi yako, nalipa mimi. Kiboko wa Leta akila lengalenga, Leta ijibu!

Wakapiga makofi. Kabisa, makofi. Mzee mmoja akasema kumbe Uvira iko na akili. Noella peke yake hakupiga. Aliuliza kama Leta itajibu kabla ya maharage kukomaa. Nikamwambia asiwe na haraka, hii ni kesi ya historia.

Shalom amefunga meza mapema leo. Alisema ana mazoezi ya kwaya.

Alhamisi, tarehe 8

Nimekwenda Kavimvira kukusanya ushahidi. Alfajiri, suti na viatu vya harusi, maana mwanasheria hapimi nyayo za mshtakiwa akiwa na kandambili. Honorine alinionya nivae zile za plastiki. Sikumsikia. Nilisikia, lakini sikumsikia.

Bustani ni nzuri, lazima niseme. Matuta yamenyooka, maji yapo palepale. Katikati, uharibifu! Nyayo kama sufuria. Nikainama kupima kwa kiganja. Noella akaniita kwa sauti ya chini. Nikamwonyesha mkono anyamaze, napima. Akaita tena:

"Papa Maître, bado iko hapa."

Kiboko alikuwa amechelewa kurudi. Alikuwa ndani ya matete, karibu kiasi kwamba nilisikia pumzi yake. Hapa naandika ukweli kwa ajili ya historia: sikukimbia. Nilijiondoa. Nilijiondoa kwa kasi hadi juu ya kichanja ambapo mama mmoja alikuwa ameanika ndakala, dagaa wa ziwa. Kichanja hakikujengwa kwa ajili ya wanasheria. Kilianguka. Ndakala wakaanguka, mimi juu yao. Noella alikuwa anagonga mfuniko wa sufuria na kupiga kelele, na yule mnyama akaingia majini polepole, bila hata kutuangalia.

Mwenye ndakala amenitukana kwa Kifuliiru na kwa Kiswahili. Nimepoteza kiatu kimoja. Lakini tazama faida: mshtakiwa na mwanasheria wameonana uso kwa uso, mbele ya mashahidi! Ni avoka gani, wakili gani wa Uvira anaweza kusema hivyo?

Paka wamenifuata hadi nyumbani.

Ijumaa, tarehe 9

Tumekwenda ofisi ya mazingira, mimi na Noella. Tumepokelewa na Madame Déborah, mama mtulivu, miwani, kalamu mkononi. Nikazungumza Kifaransa mwanzoni, Kiswahili katikati, na mwishoni vyote viwili. Alisikiliza hadi mwisho. Alisema ni kweli, kiboko iko ya Leta. Nikamgeukia Noella: umesikia? Umesikia!

Madame Déborah akauliza bustani iko wapi hasa. Sasa mtu anayefanya kazi yake vizuri hutoa maelezo kamili. Nikamwambia: palepale majini, Madame! Mtu akiruka kutoka tuta la kwanza, anaangukia ziwani! Nilijivuna kwa usahihi huo. Noella alinivuta shati. Nikafikiri ananipongeza.

Madame Déborah akaweka kalamu chini.

"Papa," akasema, "ukingo wa ziwa nao iko ya Leta. Haulimwi. Kiboko ya Leta, udongo ya Leta. Sasa huyo kiboko alikula kwa nani?"

Nikatazama dari. Si kwa kushindwa. Nilikuwa nafikiri.

"Alikula kwao," akajijibu mwenyewe.

Hakuwa anacheka. Alieleza kwa upole kwamba sasa amekwisha kuambiwa, hawezi kujifanya hakusikia. Atakuja Jumatatu kukagua ukingo wote. Bustani zilizoko pale zitaondolewa. Si ya Noella tu. Zote.

Njiani nilimweleza Noella kwamba tumepata mafanikio makubwa, ofisi inakuja yenyewe hadi shambani. Alipanda moto nyingine. Nilipogeuka nikamwona anajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Vumbi la barabara hii ni baya sana.

Jumapili, tarehe 11

Shalom amesimulia kila kitu kanisani. Aliuita "ushuhuda". Mchana wanawake wote wenye bustani kando ya maji wamekuja nyumbani kwangu, mmoja na jembe. Nilikuwa chumbani, chini ya kitanda, napitia sheria. Kule chini kuna utulivu.

Nilimsikia Honorine akiwakaribisha, akiwapa maji na viti. Walilia, walifoka. Halafu sauti zikashuka, wakaanza kuzungumza kama watu wanaopanga jambo. Maharage bado kidogo. Lengalenga iko karibu. Honorine akauliza nani anajua kiwanja kitupu chenye maji karibu. Mmoja akataja uwanja nyuma ya parokia, hakuna anayeulima. Honorine akasema atakwenda kumwona padri leo hii. Akaenda.

Aliporudi, akainama, akanikuta nilipo. Nikamweleza kwamba kisheria hoja yangu ya kwanza bado iko imara. Akasema:

"Papa Fanny, weye ulikuwa unatafuta kushinda. Noella alikuwa anatafuta mboga."

Hata binti yetu Fanny, aliyekuwa mlangoni, aliitikia kwa kichwa. Sasa ni usiku, usingizi hauji. Kwa muda nilihisi kitu kizito kifuani. Nadhani ni yale maharage ya jioni.

Jumatatu, tarehe 12

Nilikwenda Kavimvira, na hotuba. Madame Déborah alikuwa amefika na buti. Wanawake walisimama mbele ya matuta yao, Honorine kati yao, Noella kando yake akishika tena ule mfuniko. Shalom pia alikuja, eti kuombea pande zote mbili.

Madame Déborah alianza kukagua kutoka upande wa matete. Nikamfuata na kufungua kinywa. "Madame, kwa mujibu wa..." Maji yakapasuka. Kichwa! Masikio yale madogo! Kinywa kikafunguka kama mlango wa gereji. Shalom aliondoka katikati ya zaburi. Tai yake tuliiona kwa mbali. Mimi nilirukia mtumbwi uliovutwa nchi kavu, na hapohapo nikampa mkono Madame Déborah. Nilimwinua mwenyewe! Nani atanipokonya hilo?

Basi tukakaa pale mtumbwini, mimi na Leta, goti kwa goti. Hakuwa na pa kwenda. Nikatoa hotuba yote.

Lakini yeye alikuwa anawatazama wanawake. Hawakukimbia. Walisimama mstari mmoja wakigonga masufuria, bila kumsogelea kiboko, wakimwachia njia ya maji, hadi akazama. Halafu Honorine akaja kando ya mtumbwi. Hakutumia neno lolote la sheria. Alisema:

"Madame, umeona mwenyewe. Hatutaki kubaki na huyu. Padri ametupa uwanja nyuma ya parokia. Tuachie tu tuvune. Mboga zikitoka, na sisi tunatoka."

Noella akaongeza kwamba wataacha kuja jioni, na wataondoa hata vijiti vya maharage. Madame Déborah akaangalia maji, akaangalia matuta. Akasema wavune, mvua zikianza asikute tuta hata moja. Kwa ajili ya ukingo, na kwa ajili ya maisha yao. Wanawake wakapiga vigelegele. Noella akamkumbatia Honorine, akalia tena, na safari hii hakukuwa na vumbi.

Nikateremka kwenye mtumbwi polepole, nikiinamisha kichwa huku na huku. Wavuvi wakapiga kelele: Maître Kiboko! Maître Kiboko! Jina la heshima. Mji huu haumsahau mtu wake.

Jumamosi, tarehe 31

Wamevuna. Wamehama. Nyuma ya parokia matuta mapya yamesimama, na watoto wa Noella wameshonewa yunifomu. Leo amepita nyumbani na fungu kubwa la lengalenga. Amempa Honorine, wamecheka pamoja uani. Mimi amenisalimu kwa mbali. Naelewa. Watu huogopa kumsogelea mtetezi wao.

Kesi yangu ya kwanza, na nimeshinda! Nilitabiri kwamba Leta itajibu. Je, haikujibu? Ilijibu ikiwa imekaa mtumbwini karibu yangu. Honorine alisaidia kidogo upande wa maneno.

Na sifa zimeenea. Mchana amekuja baba mmoja, Bruno, ana nyumba kule chini. Ziwa limepanda hadi ukuta wake wa jikoni. Shalom alimshauri aende ofisi ya komini kwa utulivu, aulize kama kuna kiwanja cha juu. Kwa utulivu! Hivyo ndivyo watu wanavyobaki wadogo.

Mimi nimemkalisha, nimemtazama, nimemwambia tatizo lake ni kufikiria Leta moja tu. Ziwa Tanganyika liko na Leta nne! Kongo, Burundi, Tanzania, Zambia. Tunazishtaki zote, kila moja ichukue maji yake. Baba Bruno aliuliza kama ukuta utangojea. Nikamwambia hii ni kesi ya historia.

Honorine amesikia kutoka jikoni. Amekuja bila neno, ameibeba meza yake, amekwenda nayo.

Sawa. Mwanasheria mkubwa hufanya kazi akiwa amesimama. Jumatatu naanza na Burundi, iko karibu.