Masharti ya Mpaka wa Uwanja

Jumatatu, 4 Machi

Siku njema sana. Mkuu wa idara ametangaza kwamba chumba cha pembeni kiko wazi, maana mzee wetu wa jiometri amestaafu. Chumba kina madirisha mawili. Kina mlango unaofunga. Na kina ubao! Ubao unaoanzia ukuta huu hadi ukuta ule. Nilipousikia ukitajwa, mate yalinitoka.

Sababu ninayo. Mimi ni mwalimu hapa chuoni, na kazi yangu ni nadharia konfomali ya uga. Kwa ufupi: hesabu za vitu ambavyo ukivikuza au ukivipunguza, umbo halibadiliki. Ninachokitafuta mimi ni kile kinachotokea ukingoni, pale uga unapokoma. Mlinganyo wangu ni mrefu. Ubao ninaotumia sasa ni mfupi, tena nagawana na Karanga.

Karanga ni mwenzangu wa chumba. Jina nimempa mimi, kwa sababu anatafuna karanga tangu anaingia mpaka anatoka, kru kru kru, na maganda anayamwaga kwenye kiti changu. Ubao tumeugawa kwa mstari wa chaki. Mlinganyo wangu ukifika kwenye mstari, kwisha habari. Nafuta, naanza upya, nasahau nilikuwa nakwenda wapi. (Nikiwahi asubuhi huwa nausogeza mstari kidogo upande wake. Kidole tu. Hajagundua. Anasema siku hizi mwandiko wake umekuwa mkubwa.)

Sasa sharti la mkuu: mimi na Karanga kila mmoja atoe mhadhara wa wazi kwa wananchi. Atakayejaza ukumbi ndiye atakayehamia. Karanga Alhamisi, mimi Ijumaa.

Karanga ajaze ukumbi? Labda aujaze maganda.

Jumanne, 5 Machi

Nimekwenda kwa shemeji, kaka yake mke wangu. Yeye ni mchoraji wa mabango, na herufi zake zinasomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Nikampa kichwa cha mhadhara: Miundo ya Aljebra na Masharti ya Mpaka katika Nadharia Konfomali ya Uga. Akakisoma huku anakuna kidevu. Akaniuliza kama nataka watu waje au nataka wakimbie.

Akaanza kupunguza. Konfomali akaitoa, ati inakula nafasi. Aljebra akaitoa, ati ndiyo iliyomtoa yeye shuleni. Nadharia ikatoka bila hata kupewa sababu. Kisha akauliza, hii uga ndiyo nini? Nikamwambia kwa lugha ya kila siku ni uwanja tu. Akashangaa mbona najitesa, si tuandike uwanja?

Basi bango limetoka hivi: MASHARTI YA MPAKA WA UWANJA. MTAALAMU ATAELEZA KILA KITU. HAKUNA KIINGILIO.

Nimelikagua neno kwa neno. Masharti, sawa. Mpaka, sawa. Uwanja, sawa. Kosa halipo! Shemeji atalibandika sokoni, stendi, na nje ya ofisi ya ardhi, ambako anasema watu husimama muda mrefu hawana la kusoma. Huyu kijana ana akili, nilikuwa simjui tu. Mke wangu ameniuliza kama nina hakika watu wataelewa. Nimemwambia wataelewa mara moja.

Jumatano, 6 Machi

Nimemnunulia Karanga zawadi. Mfuko mzima wa karanga za kukaanga, zenye chumvi ya kutosha. Nimemwambia ni za kumtakia heri. Mpango wenyewe: azitafune usiku kucha, koo limkauke, kesho jukwaani atoe sauti ya mlango mbovu.

Alinishukuru mpaka nikaona haya. Haya yenyewe haikukaa.

Alhamisi, 7 Machi

Balaa! Karanga hakuzila. Alizigawa mlangoni, konzi moja kwa kila anayeingia. Habari zikazagaa mabwenini, wanafunzi wakaja mbio. Ukumbi ulibakiza viti vichache tu kujaa, na wote wanatafuna, kru kru kru, kama wako watu mia wa aina yake. Karanga zangu! Hela yangu! Alipomaliza alinitaja jukwaani, akanishukuru kwa ukarimu, nikapigiwa makofi.

Nilisimama nikainama kidogo. Ningefanya nini?

Ijumaa, 8 Machi

Umejaa! Umefurika! Watu wamekaa mpaka madirishani. Wanafunzi wangu sikuwaona, lakini nani anawahitaji? Walikuja watu wazima, familia nzima nzima. Mmoja alishika ramani iliyokunjwa. Mwingine alikuwa na futi ya kupimia. Wa tatu kabeba kigingi cha chuma, na udongo bado unadondoka. Moyoni nikasema, kumbe fizikia wanaipenda, ni sisi tu tuliowanyima.

Nikaanza na msingi. Nikawaambia kwamba katika kazi yangu ukubwa wa uwanja hauna maana yoyote. Uwanja ukipunguzwa hata nusu, mradi pembe zake zibaki vilevile, hakuna kilichopotea.

Kisha mtu mmoja, fundi wa mageti, alisimama peke yake akapiga makofi, akasema ndicho anachowaambia siku zote. Pembeni yake bibi mmoja mwenye mwavuli naye akasimama, akataka kujua fundi huyu kanihonga nini. Makelele! Nikaona nimegusa penyewe. Sijawahi kupata wasikilizaji wenye uchungu na vipimo namna ile.

Nikaingia mpakani. Nikawaeleza kwamba ndani ya uwanja kuna aljebra mbili, ya kushoto na ya kulia. Kila moja ina kanuni zake na haina habari na mwenzake. Lakini zikifika mpakani haziwezi kujifanya hazionani. Lazima zipatane. Zisipopatana, huo si mpaka. Hapo ukumbi ulishangilia! Sauti ikatoka nyuma kwamba mtu kama huyu ndiye wa kumpa uenyekiti wa mtaa. Nikaongeza kwamba masharti ya mpaka hayawekwi kwa ubabe, yanayokubalika ni machache, na ukibadilisha la ukingoni hata mambo ya ndani yanabadilika. Bibi alimtazama fundi. Fundi alitazama viatu vyake.

Laiti ningeishia hapo. Bibi akanyoosha mwavuli, akaniuliza, je, mimi mwenyewe na jirani yangu mpaka wetu tumeuwekaje? Nikajibu kwa kujidai kwamba ni mstari wa chaki, katikati kabisa, haki bin haki.

Karanga alikuwa kiti cha nyuma. Akasimama. Akameza kwanza. Akasema taratibu kwamba alipohamia chumbani upande wake ulitosha mlinganyo, na leo unatosha tarehe. Akasema yeye alidhani ni mwandiko.

Yallah! Ukumbi mzima ulinigeukia. Hata fundi wa mageti alisema yeye angalau alisogeza mara moja tu. Alipotamka hivyo akajishika mdomo, lakini bibi alikuwa amekwisha kusikia. Niliamriwa kuurudisha mstari, nikaahidi mbele ya kadamnasi, makofi yakapigwa kuliko yote ya jioni. Bibi na fundi walitoka pamoja, wanabishana kwa sauti ya chini.

Nyumbani mke wangu alicheka mpaka akakaa sakafuni. Ndipo akanieleza kwamba wote wale walikuwa na kesi za viwanja. Haidhuru! Mkuu hakuuliza wamefuata nini. Mkuu aliangalia viti.

Jumatatu, 11 Machi

Chumba ni changu! Mkuu alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema chuo hakijawahi kupendwa hivi na wananchi. Nimehamisha vitabu, kikombe na kiti changu, nimekikung'uta maganda ya mwisho.

Kisha ubao. Nilianza dirishani nikaandika, nikaandika, mlinganyo wote kwa mstari mmoja. Ulitosha! Ukabakiza na nafasi! Nikarudi nyuma kuutazama, machozi yakanilengalenga, sioni aibu kusema. Kwa mara ya kwanza niliona unakokwenda. Ile ya kushoto na ile ya kulia zinapatana kabisa, kasoro kipande kimoja. Kesho namaliza.

Roho yangu kwatu.

Jumanne, 12 Machi

Nilishika chaki, mlango ukabishwa. Bibi wa mwavuli na fundi wa mageti. Wamepatana! Fundi anarudisha ukuta, bibi anamwachia upenyo wa kufungulia geti. Walichotaka ni mtaalamu awachoree wote wawili waone. Nilitaka kukataa, lakini bibi aliniita mwanangu. Nikawapa kona ya ubao.

Nyuma yao kulikuwa na wengine. Nyuma ya wale, wengine tena. Mkuu alipita, akaona foleni, furaha ikampanda kichwani. Akaagiza benchi. Akaandika mlangoni kwa mkono wake: MIPAKA, BISHA HODI. Kona ikawa nusu ya ubao. Nusu ikawa ubao. Fundi alifuta kipande changu cha mwisho kwa kiwiko ili geti lake lipate pa kufungukia. Wakati wa chakula mkuu alirudi, akaona ramani za watu waliopatana baada ya kununiana miaka, akaandika juu kabisa kwa herufi kubwa: USIFUTE.

Kwenye mlinganyo wangu imebaki alama ya sawasawa tu. Bibi anasema ile mistari miwili ndiyo mfereji wa maji.

Lakini walivyoshikana mikono wale wawili! Bibi alicheka, fundi akambebea mwavuli. Nami nilifurahi, siwezi kudanganya.

Alhamisi, 14 Machi

Nimerudi chumba cha zamani, kwa kuomba. Karanga ana ubao mzima, kimya kizima, na dirisha. Hakuna anayembishia hodi. Nilimwomba nafasi kidogo ya kuandikia. Hana kinyongo yule mtu, alinichorea mstari hapohapo. Kipande nilichopata kiko chini kona, kinatosha tarehe. Akanipa na karanga. Ni tamu, nilikuwa sijui.

Lakini dawa ya foleni nimeipata! Nitatangaza mhadhara mwingine, wa jambo ambalo mwananchi wa kawaida halimhusu ndewe wala sikio. Watu wa benchi waone wamepotea njia, waende zao, mkuu afute ubao kwa huzuni, nami nirudi. Nimechagua nyuzi, zile nyuzi ndogondogo zinazotetema, ambazo wenzangu wanasema ulimwengu wote umetokana nazo. Shemeji ameshalichora bango: NADHARIA YA NYUZI. NAMNA YA KUUNGA NCHA MBILI. MTAALAMU ATAELEZA KILA KITU. Ameomba aweke sindano pembeni, kwa urembo. Nimemruhusu, haina ubaya.

Anasema ameona ukuta mzuri mtaa wa mafundi cherehani. Nimemwambia abandike hukohuko, tena kubwa. Wale watu wameinamia mashine kutwa, nani atainua kichwa kusoma?

Mke wangu ameanza kucheka tena, sijui ana nini. Nalala mapema. Kesho nataka niwahi chuoni kabla ya Karanga.

Kidole tu.