Kila Mgeni na Nusu Yake ya Aspirini

"Mmesikia?" Clavery alifika kijiweni Kagoma, nje ya duka la Nurmohamed, redio yake kwapani. Ndiyo maana wanamwita Redio. "Taarifa ya mchana imetangaza: mtoto mdogo asipewe aspirini ovyo. Inadhuru!"

"Ovyo ni kiasi gani?" aliuliza Karugendo, akamwani, buni kavu za kutafuna, mdomoni. Klaudia, bintiye wa miaka miwili, alikuwa na homa tangu jana. "Mimi nimempa nusu tu."

"Nusu si neno," alisema Josia, balozi wa nyumba kumi, waliyembandika jina la Azimio kwa kuwa hasalimii mtu bila kulitaja. "Mama yake je?"

"Naye nusu. Hakujua kama nimeshampa."

"Bibi?"

"Waitu, bibi akose? Kaja kumwona mgonjwa, aingie mikono mitupu? Ndizi zenyewe mwaka huu hakuna. Kaja na nusu yake kaifunga kwenye pindo la kitenge."

"Shangazi?"

Karugendo alitazama chini. "Yule anajiweza. Kaleta nzima."

Kijiwe kizima kiliangua kicheko.

"Huo sasa ndio ujamaa!" Azimio alijipiga paja. "Ukoo mzima umechangia, kameza mmoja!"

"Msicheke, jamani." Karugendo alisema. "Tangu adhuhuri amelala. Ukimwita anafumbua macho kidogo, anayafumba tena."

"Na wewe umekaa hapa unatafuna kahawa?" Redio alifoka. "Baba mzima! Watu wa kijiji hiki mna akili gani? Nurmohamed, mpe baiskeli awahi zahanati!"

Karugendo alikuwa ameshika usukani, mara akamwona mkewe Benigna anashuka barabarani, Klaudia mgongoni analia kwa nguvu zote. Hajapata kufurahia kilio namna ile. Nusura naye alie.

"Natoka zahanati," Benigna alisema. "Ni malaria, kaanza dawa. Mganga kasema anywe maji kwa wingi, na aspirini asionje hata chembe. Kaniuliza nani na nani wamempa. Nikawataja mpaka akaweka kalamu chini."

Kisha akamgeukia Redio.

"Nawe nimekutaja, shemeji. Ile nusu uliyomtafunisha alfajiri ulipopita kutupa pole."

Wote walimkodolea macho. Redio alihamisha redio kutoka kwapa hili kwenda lile.

"Ile, shemeji, ilikuwa kabla ya taarifa ya habari."