Sonde ya Murekatete

Jumatatu, 3 Juni. Kirolirwe.
Nimemshinda Jérémie! Mama Astrid, mkubwa wetu kwenye kiwanda cha jibini, amenikabidhi pH-mètre, ile mashine ya kupima ukali wa maziwa. Ilikuwa kazi ya mke wangu Murekatete mpaka alipofariki. Jumamosi tunaondoa matanga. Mama Astrid anataka wageni wale jibini iliyotengenezwa kama yake. Ikitoka vizuri, mashine inabaki kwangu. Ikiharibika, inaenda kwa Jérémie, shemeji yangu, ambaye Murekatete, dada yake, alimfundisha kila kitu. Mimi hakunifundisha. Labda aliona najua.

Nimefungua kifuniko cha sonde, ile fimbo ndogo ya mashine inayochovywa kwenye maziwa, yenye kichwa cha kioo. Maji ndani! Mwanamke aliyekausha kila kikombe! Namsamehe, alikuwa mgonjwa. Nimeyamwaga. Daftari lake la kazi limekuja pamoja na mashine. Sijalifungua. Kuuona mwandiko wake siwezi bado.

Jumanne, 4 Juni.
Kinachogusa maziwa kinatunzwa namna moja tu, tangu mababu. Nimeosha sonde, nimeipangusa kwa kitambaa mpaka ikang'aa, nimeitundika kichwa chini juu ya jiko ipate moshi, pale pale Murekatete alipofukizia vibuyu vyake. Nimelia kidogo. Jirani alipochungulia, nikasema ni moshi.

Jumatano, 5 Juni.
Jérémie amepita. Eti kusalimia! Akauliza kama sonde iko na maji yake. “Shemeki, ile kintu haipende kukauka,” akasema. “Dada alikuwa anaiwekeya maji yake ya chumvi mu kifuniko.” Nikamjibu kwamba nililala kitanda kimoja na dada yake miaka kumi na tisa. Akaaga. Wivu huo. Alipoondoka nimeificha sonde ndani ya gunia la maharage. Pakavu, salama.

Alhamisi, 6 Juni.
Siku ya jibini. Mashine imesema saba. Baada ya saa moja, saba. Nikawaambia watu kwamba imetulia kwa sababu imetunzwa. Jérémie akaonja kwa kidole, akasema maziwa yamechacha ya kutosha, tuikamue jibini maji yake sasa. Nikasema kidole si sayansi. Tukangoja namba ishuke. Saba! Mchana nikaichovya kwa siri ndani ya ndimu.
Saba.

Ijumaa, 7 Juni.
Jibini imevunjika kama udongo mkavu. Chachu mpaka macho yanafumba. Mama Astrid hakupiga kelele, afadhali angepiga. Aliinusa sonde, akasema: “Papa Magloire, hii ilishakufa. Moshi njo iliiua.” Usiku wa kuamkia leo Jérémie alikuwa ameilaza ndani ya maji yake ya chumvi. Haikuamka. Ataagiza mpya Goma, na mashine atakaa nayo yeye. Sonde iliyokufa wameniachia mimi, iwe ukumbusho.

Jumamosi, 8 Juni.
Tumeondoa matanga. Watu wamekula maharage, na ile jibini wameisifu wakitazama chini. Jérémie alikula kipande chake chote. Sikumpenda kwa hilo.
Wageni walipotoka nimefungua daftari. Ukurasa wa kwanza, mwandiko wake ule ulioinama:
“Sonde isikauke. Isipanguswe. Magloire asiiguse.”
Nimecheka, peke yangu, kwa sauti. Alinijua! Halafu nikalia juu ya daftari mpaka kurasa zikalowa. Nimemkosa mke wangu. Hakuna tena mtu wa kuniandikia nisiguse.

Jumapili, 9 Juni.
Jérémie ameomba anakili daftari, kwa sababu mengine yote ya kazi yamo humo tu. Nimemwambia aje kesho. Ningempaje leo, likiwa limelowa hivi? Atasema siwezi kutunza vitu vya dada yake.
Nimelipangusa kwa kitambaa, ukurasa kwa ukurasa. Wino umetoka kidogo, si sana. Sasa nimelitundika juu ya jiko karibu na sonde, nimeongeza kuni mbichi ili moshi uwe mwingi. Likikauka vizuri, litadumu.