Mbuzi wa Ugiriki

Jumatatu, 3 Juni

Siku njema. Asubuhi vichwa vingi, mchana maneno mengi. Maneno ndiyo yameniponza, ingawa bado naona niliyasema vizuri.

Ilikuwa hivi. Kwenye kona ya saluni yangu ipo televisheni ya kichogo na ule mchezo wa zamani wa kaseti, wa Ugiriki ya kale. Wateja huucheza wakisubiri zamu. Kijibwana cha kanzu fupi na ndara kinapanda mlima kwenda kwa miungu. Kinaruka mitungi inayobingirika, nguzo zinazoporomoka, fahali mwenye mwili wa mtu, bibi mwenye nywele za nyoka. Roho tatu tu! Zikiisha unaanza upya kule kwenye mitungi, hata kama ulibakiza kidogo ufike. Waliotunga mchezo huu hawakulelewa na mama.

Hakuna aliyewahi kuumaliza. Leo mteja mmoja, povu limemjaa masikioni, akauliza huko juu kuna nini. Nikamjibu nimeshafika. Mara nyingi tu! Nikaeleza bustani za dhahabu. Nikaeleza mabinti wakipiga zeze. Mkasi wenyewe ulinyamaza kunisikiliza.

Bahati mbaya Fundi Randa alikuwa kwenye benchi. Huyu ni seremala wa mlango wa pili, mtu asiyeamini hata futi yake mwenyewe. Akasema naye ameumaliza, zamani, na huko juu hakuna zeze wala ngoma. Basi mmoja wetu ni mwongo. Akataka nicheze Jumapili mchana mbele ya watu. Nikimaliza, atanichongea rafu ya televisheni yenye neno BINGWA. Nikishindwa, atayanyoa masharubu yangu kwa mkono wake.

Masharubu yangu! Yaliyochorwa kwenye kibao cha nje!

Nikasema Jumapili ni mbali, laiti ingekuwa kesho.

Ukweli, shajara, na ubaki hapa hapa: sijawahi kumpita mbuzi.

Jumanne, 4 Juni

Nilifungua mapema, kabla ya wateja, nifanye mazoezi.

Mbuzi anasimama juu ya nguzo, baada ya mitungi. Mbuzi wa kawaida. Hana moto mdomoni, hana mabawa. Anakutazama, anainamisha kichwa, anakuja. Nilimruka, akanidaka hewani. Nilimpiga upanga, akanipiga pembe. Nilijaribu kumkimbia, nikaanguka mwenyewe bila msaada wake. Ana dharau yule. Nikifa, hutafuna kitu.

Mke wangu akaingia kufungua upande wake. Yeye husuka wanawake nyuma ya pazia, mimi nanyoa wanaume mbele. Akasimama, akatazama nikifa, kisha nikifa tena. Akasema Ugiriki nzima, na majitu yake yote, mume wake anauawa na mbuzi.

Kisha akakumbusha kwamba kona ile ameiomba siku nyingi kwa ajili ya draya, wateja wake wakauke wameketi badala ya kusimama juani kama nguo. Nikishindwa Jumapili, kona ni ya draya. Nikakubali kwa sauti nzito. Mtu akishajitosa, maji ya shingoni na ya kichwani ni mamoja.

Jumatano, 5 Juni

Mpango! Mashine ikifa, hakuna mashindano. Na mashine ikifa yenyewe, nani alaumiwe?

Nikachomoa fyuzi, nikaitia mfuko wa aproni. Nikatangaza msiba. Nilijiinamia vizuri sana. Wateja wakanipa pole, mmoja akavua kofia. Nikasema basi, tumwachie Mungu, Jumapili kila mtu apumzike kwake.

Fundi Randa akaja na bisibisi. Nani kamwita? Akaifungua mashine, akapuliza vumbi, akasema huyu hajafa, huyu kaibiwa fyuzi. Nikashangaa kuliko wote. Nikasema dunia imeharibika. Nikainama kutafuta chini, nionekane nina uchungu, na fyuzi ikadondoka kutoka mfukoni ikatua juu ya kiatu chake.

Akaiokota. Akaipachika, akaondoka akipiga mluzi.

Mluzi! Hilo ndilo lililoniuma.

Alhamisi, 6 Juni

Leo limetokea jambo.

Mama mkwe alikuja kwa binti yake kutiwa dawa ya nywele. Dawa ile husubiriwa ikolee, na nyuma ya pazia kulijaa. Nikamkaribisha kwenye kiti cha kona, mfuko wa plastiki kichwani, goti lake linalouma juu ya kigoda. Nikampa rimoti ya mchezo ashike tu, kama mtu anavyompa mgeni gazeti la jana.

Nikarudi kwa mteja wangu. Mara nikasikia muziki nisioujua. Nimeusikia muziki wa mitungi mpaka ndotoni. Huu haukuwa wa mitungi, wala wa nguzo. Nikageuka. Kijibwana kilikuwa pangoni, kwa fahali! Mama mkwe kampita mbuzi!

Mkono wangu ulisahau mashine ya kunyolea iko wapi. Mteja alitoka na barabara katikati ya kichwa, nikamwambia ndiyo mtindo wa sasa. Akashukuru.

Nikamuuliza mama kafanyaje. Akasema, bila kuinua macho, "Mbuzi hapigwi, mkwe wangu. Anapishwa."

Nikaitikia kama niliyeelewa.

Mke wangu anasema nisishangae. Mama yake alikuwa mpiga chapa ofisini miaka yote. Vidole vyake vilimaliza barua bosi akiwa bado anatafuta neno.

Nimewaza mchana wote. Nimepata wazo. Nalionea fahari na aibu, lakini fahari inaongoza.

Ijumaa, 7 Juni

Kumwomba mama mkwe mkopo ni kazi. Kumwomba mama mkwe akusaidie kudanganya umma ni kazi ya mtu mzima.

Nilikwenda kwake na maembe yaliyoiva. Nikamwamkia hadi akaniuliza kama naumwa. Nikazunguka, nikasifu mapazia, nikasifu goti. Hatimaye nikasema. Yeye akae nyuma ya pazia na rimoti halisi, waya upite chini ya mkeka. Mimi nikae mbele na rimoti ya pili, isiyochomekwa popote. Yeye acheze, mimi nionekane.

Akamenya embe lote. Akasema, "Huu ni udanganyifu."

Nikasema ndiyo, mama.

Akasema sawa, alitaka tu tukubaliane jina lake.

Masharti yake: mto wa kukalia, chai isiyopoa, na mtu yeyote asimsemeshe akiwa kwa fahali. Nikamuuliza kwa nini amekubali. Akasema nyumbani hana televisheni ya kichogo, na anataka kujua yule kijana anapanda kwenda kufanya nini.

Jumamosi, 8 Juni

Maandalizi. Nimepitisha waya chini ya mkeka. Nimetoboa tundu kwenye pazia kwa mkasi, kimo cha macho ya mama. Ni pazia jipya la mke wangu. Hajaliona.

Kisha nikafanya mazoezi ya uso mbele ya kioo. Uso wa hatari. Uso wa mtu anayeona nguzo inaporomoka. Uso wa ushindi, wenye unyenyekevu kidogo kwenye kona za mdomo. Mke wangu akapita, akauliza kama ni lile jino.

Fundi Randa kapita pia. Akaomba nimwazime wembe mzuri kwa ajili ya kesho. Nikamchagulia ule mkali kuliko wote! Natamani ungeuona uso wake. Nilimpigia mluzi.

Jumapili, 9 Juni

Lo!

Acha niandike taratibu.

Watu walijaa. Benchi lilijaa, mlango ulijaa, wengine walining'inia dirishani. Fundi Randa alikaa mbele kabisa, wembe umefungwa kwenye kitambaa safi juu ya mapaja yake. Mama aliingia kwa mlango wa nyuma. Nikasikia mto ukilalamika, kisha kijiko kikikoroga chai. Nikakohoa. Kijibwana kikaanza kukimbia.

Nilicheza vizuri mno! Ninasema nilicheza, kwa sababu mwili wangu wote ulifanya kazi. Mitungi ilipokuja niliruka na kiti. Nguzo zilipoporomoka niliguna. Jasho lilikuwa halisi. Mzee mmoja akasema hajapata kuona kijana anayejituma hivi.

Tukafika kwa mbuzi. Watu wakashika pumzi. Mbuzi akainamisha kichwa, akaja. Kijibwana kikarudi hatua, kikashuka kwenye ukingo, kikaning'inia kwa mikono. Mbuzi akapita juu yake, akaenda zake chini mpaka huko.

Kelele! Sijawahi kupigiwa kelele kama zile. Moyo ulinifura. Nikasimama. Nikainua mikono miwili. Nikamkumbatia yule mteja mwenye barabara kichwani. Nikapeana mkono na dirisha zima. Nilikuwa naeleza kwamba siri ni utulivu, ndipo nikagundua pamekuwa kimya.

Kwenye televisheni kijibwana kilikuwa kinapigana na ndege wenye sura za wanawake. Kinaruka, kinakata, kinainama. Rimoti yangu ilikuwa sakafuni.

Fundi Randa akakitazama kijibwana. Akanitazama mimi. Akauinua waya wa rimoti yangu, akauvuta polepole. Ukaja wote kutoka chini ya mkeka, kama mzizi uliooza, mwisho wake haushiki kitu.

Nikasema siku hizi zipo zisizotumia waya.

Watu wakautazama waya.

Mke wangu ndiye aliyelivuta pazia. Na hakushangaa hata kidogo! Baadaye nimejua kwamba mama alimweleza tangu Ijumaa, na chai aliipika yeye. Mama alikuwa kaketi juu ya mto, ulimi kaubana kwa meno, macho hayapepesi. Watu wakaanza kuuliza. Akasema, "Msinisemeshe. Niko kwa fahali."

Nao wakatii! Wakageuza benchi. Wakasogea wote. Mimi nikabaki mbele peke yangu kama kinyozi wa kuchorwa. Nilikusudia kukasirika. Lakini fahali alimkosa kwa unywele, nikajikuta nimepanda juu ya kigoda napiga kelele: kulia, mama, kulia! Akasema wa kulia anyamaze. Nikanyamaza.

Kwa bibi wa nywele za nyoka alibakiwa na roho moja. Kila anayemtazama hugeuka jiwe. Mama akakigeuzia kijibwana mgongo, akakirudisha kinyumenyume kwa kusikiliza sauti za nyoka tu, akakata. Fundi Randa alikuwa amenishika mkono. Sidhani kama alijua ni wa nani.

Kisha mlima. Kisha ngazi. Kisha kilele.

Hakukuwa na bustani ya dhahabu. Hakukuwa na zeze. Kijibwana kilikaa juu ya jiwe, kikavua ndara, kikajisugua miguu. Basi. Chini yake mawingu yakapita.

Mama akaweka rimoti chini, akasema, "Kachoka, maskini."

Hapo ndipo nyumba ilipolipuka kwa shangwe. Watu walimbeba mama na mto wake. Nami nilibeba mguu mmoja, ule wa goti baya, kwa uangalifu.

Fundi Randa akafungua mdomo wake. Akasema ndivyo hasa anavyokumbuka, jiwe na ndara. Mama akaomba ateremshwe. Akampa rimoti kwa adabu zote, akasema basi, baba, kaa utuonyeshe njia uliyopita.

Alikufa kwenye mtungi wa kwanza! Mbuzi hata hajui sura yake!

Mama akakata shauri. Waongo ni wawili, nyembe zipo. Fundi Randa akayanyoa masharubu yangu, mimi nikazinyoa ndevu zake, tukiwa tumeketi tumetazamana kama maharusi. Rafu ya BINGWA itachongwa kwa mama.

Watu walipoondoka, mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanishika kidevu, akanitazama sana. Akasema alikuwa amesahau kwamba ana mume mwenye mdomo mzuri. Tatizo, akasema, ni yanayotoka humo.

Kisha akaliona tundu la pazia. Hayo siyaandiki.

Jumanne, 11 Juni

Draya imekaa kwenye kona, na televisheni imesogezwa pembeni yake. Mama anakuja kila asubuhi. Wanawake wanapanga foleni wafundishwe kumpisha mbuzi, na mke wangu hana nafasi ya kukaa. Fundi Randa amenisalimia mara mbili. Amani tupu.

Nimetafakari sana. Nimejua kosa langu. Nimeapa: kuanzia sasa nitasema tu yale niliyoyafanya.

Mchana kocha wa timu ya mtaa alikuja kunyolewa. Ana huzuni. Mwamuzi wa mechi ya Jumamosi anaumwa, uwanja umeshapangwa, wageni watatoka mbali. Akauliza, kwa kuuliza tu, kama kuna mtu ninayemjua aliyewahi kuchezesha mpira.

Nilifunga mdomo. Nilinyoa upande mmoja wote nimeufunga. Nilijivunia.

Kisha nikasikia sauti ya mtu ikisema kwamba imechezesha fainali kadhaa, moja yake kwenye mvua kubwa, na kwamba wachezaji walilia ilipostaafu. Kocha akaruka kutoka kitini, nusu kichwa, akanikumbatia.

Mechi ni Jumamosi saa kumi. Nimeshanunua filimbi, nzuri sana, inasikika hadi barabarani. Sasa kilichobaki ni kumpata mtu mpole, mwenye siri, anieleze kuotea ni nini.