Ombi la Kuachiwa Jiwe Langu la Nyongo

Kwa Mganga Mkuu wa Hospitali,

Bado nausikia ule mluzi. Mtaalamu wenu wa ultrasaundi alitazama kioo, akapiga mluzi mmoja mrefu, kama mtu aliyeona gari jipya limeegeshwa mtaani, kisha akamwita mwenzake: "Njoo uone yai!" Ni jiwe la nyongo, sentimita sita. Mmepanga kulitoa Alhamisi. Kwa heshima naomba msilitoe, kwa sababu hizi:

1. Daktari wa upasuaji aliniahidi matundu manne madogo. Alipoiona picha akasema bila kupepesa macho, "Dada, hili halipiti tunduni. Tutapasua." Haiwezekani mtu kuahidiwa tundu akaletewa mlango.

2. Jiwe limenipandisha cheo nyumbani. Mimi ni kitindamimba; nimeosha sufuria za watu watano tangu nifikie sinki. Majibu yaliposomwa sebuleni, kaka alishika sponji. Kaka! Juzi aliniuliza, "Mheshimiwa mgonjwa, hii ni ya kusugua au ya kusuuza tu?" Mkilitoa, nani atanijibu hivyo tena?

3. Maumivu nimeyazoea. Nikila chenye mafuta yanapanda hadi bega la kulia, nakaa sakafuni bafuni kwa muda wa saa tatu, yanaondoka. Ninachokiogopa ni dawa yenu ya usingizi: saa mbili za maisha yangu ambazo ninyi nyote mtakuwepo, isipokuwa mimi.

4. Kwa kuwa jiwe halijamkosea mtu, lipewe hadhi ya kiungo. Liandikwe kwenye faili langu baada ya ini, nami nipewe barua yenye mhuri kwamba mwenye nalo haruhusiwi kuinama.

Tafadhali mama asiione barua hii. Hufungua bomba la jikoni ili nisimsikie akilia.

Wasalimieni wauguzi wote, mfagizi wa wodi, na yule mpiga mluzi, ambaye sina kinyongo naye.

Ni mimi, kwa unyenyekevu na ubavu unaouma,
Mwenye Jiwe

Tanbihi: Jumanne nilijaribu kipande cha yai la kukaanga. Kaka alivunja komeo la bafu akanibeba hadi barabarani, akinigombeza njia nzima: "Ukifa nitakuua, unasikia?" Kwa hiyo barua hii naiandikia hapa wodini kwenu. Sijala tangu jana, gauni lenu la kijani nimelivaa, na fomu ya kukubali kupasuliwa nimeshaitia sahihi.