Kiingereza Ghalani

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Kiwanda kimeuzwa. Meneja ametutangazia asubuhi, amesimama juu ya pipa tupu la rangi ili wote tumwone. Wenye mali wapya wako mbali. Wana viwanda katika nchi kumi na tisa, na vyote vinaandikiana kwa Kiingereza. Jumatano ya wiki ijayo anakuja mkaguzi wao. Atatembea ghalani, kisha atachagua msimamizi wa ghala. Kiti hicho kiko wazi tangu mzee wetu astaafu.

Mimi ni karani wa ghala, mwaka wa kumi na moja sasa. Kiti ni changu. Nimeandika hivyo kwa wino, si kwa penseli.

Mpinzani ni mmoja tu, karani wa usafirishaji, tunayemwita Ng'ambo. Aliwahi kwenda nje wiki tatu, miaka tisa iliyopita, na mpaka leo hajarudi sawasawa. Meneja alipomaliza, Ng'ambo aliinua mkono akauliza swali kwa Kiingereza. Hakuna aliyeambulia kitu. Meneja akajibu kwamba ni swali zuri.

Kiingereza changu ni cha sekondari. Nilifaulu. Kimelala tu. Siku tisa zinatosha kukiamsha.

Nyumbani nimemwambia mke wangu kwamba usimamizi nimeshapata, bado kutangazwa tu. Akauliza nani kasema. Nikamjibu kwamba mambo mengine hayasemwi. Kabla sijavua viatu alikuwa ameshampigia mama yake simu. Mama mkwe kafurahi mno. Jumapili ya tarehe 16 atakuja kunipongeza.

Basi hakuna kurudi nyuma.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimeanza na wapakizi. Wako sita, na mkubwa wao ni Mama Winchi, mwanamke anayebeba ndoo mbili za lita ishirini huku akikusimulia habari za jirani yake. Nikawatangazia kwamba kuanzia leo, ndani ya ghala, ni Kiingereza tu. Mkaguzi atukute tumeshazoea.

Wakanyamaza. Nikaridhika. Wakaendelea kunyamaza mpaka saa nne.

Saa nne Mama Winchi akaja mezani kwangu, akagusa midomo yake kwa kidole kuomba ruhusa. Nikampa. Akaniambia mdogo wangu, sisi hatuna neno, tumefanya kazi kwa ishara na lori limejaa mapema kuliko jana. Ila kuna mwenzetu amebanwa na haja tangu saa tatu, na hajui aombeje.

Amri nimeiahirisha.

Jioni nikamsalimu mke wangu kwa Kiingereza. Alikuwa kwenye cherehani. Hakuinua kichwa. Nikarudia. Akasema kama naomba chakula, kiko jikoni. Kama naomba radhi, bado anafikiria.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Leo nimegundua aibu yetu kubwa. Ni rafu.

Rafu zetu hazina namba. Zina majina, na majina wametunga wapakizi wenyewe. Rangi nyeupe inakaa Bibi Harusi. Ya buluu inakaa Shule. Kijani cha kufifia kinakaa Zahanati. Na ile nyeusi ya lami, nzito, isiyokauka upesi, ambayo ikikushika haikuachii, inakaa Mama Mkwe. Miaka yote nimeandika majina haya daftarini bila kujiuliza. Sasa mgeni kutoka ng'ambo asome hivyo?

Nimebandua yote. Nimechukua orodha ya makao makuu mapya, ambamo rangi zina majina ya Kiingereza, marefu, ya maua, ya bahari na ya machweo ya nchi nisizozijua. Nyeupe peke yake ina majina saba. Nimeyaandika kwa herufi kubwa na kuyabandika kwa rula. Mstari umenyooka kama uzi.

Ng'ambo akapita, akatazama, akasema huko alikokuwa karatasi za rafu hufunikwa nailoni. Nimezifunika zote nailoni. Namshukuru kwa kunipa silaha.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Siku mbaya. Shule moja ya msingi iliagiza ndoo arobaini za buluu. Mama Winchi akauliza iko wapi Shule. Nikamsomea jina jipya. Akasema ua hilo yeye hajawahi kuliona likichanua. Nikamwonyesha kwa mbali, maana nilikuwa nakariri sentensi za kumwambia mkaguzi. Wakapakia.

Saa nane mwalimu mkuu akapiga simu. Walipelekewa Mama Mkwe, ndoo zote arobaini. Mafundi wakapaka ukuta mzima wa darasa kabla mtu hajashtuka. Walipoulizwa, walisema wao wameletewa rangi, na kazi yao ni kupaka.

Nikamwambia mwalimu mkuu kwamba angalau sasa ana ubao mkubwa. Akakata simu.

Wakati wa kufunga nikakuta Mama Winchi ameandika majina ya zamani kwa chaki, chini ya kila karatasi yangu. Nimejifanya sikuona. Nitafuta Jumanne.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Nimeshakariri sentensi kumi na mbili. Zinahusu hali ya hewa, usalama wa moto na furaha yangu ya kukutana naye.

Ila nimeona pengo moja katika mpango. Je, mgeni akiuliza kitu kisichomo ndani ya zile kumi na mbili? Nimelifikiria wakati wote wa chakula cha mchana. Jibu: nikubali. Anayeuliza tena ndiye hajaelewa, anayekubali ameelewa. Nimetengeneza ndiyo za namna tatu. Ya kutafakari, ya haraka, na ya kucheka kidogo. Nimezifanyia mazoezi mbele ya kioo cha lori.

Nimemfuma Ng'ambo nyuma ya gereji akihutubia rundo la matairi mabovu. Nakiri yalimsikiliza kwa heshima.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Mkaguzi amekuja. Mtu mfupi, mwenye mvi, amevaa viatu vyake mwenyewe vya kiwandani, na vimechakaa. Kumbe anatoka nchi ambayo Kiingereza nao walikiazima. Akitamka neno moja hutazama dari kutafuta la pili.

Ng'ambo akatangulia. Alikifungulia Kiingereza chake chote kwa pamoja, kikitokea puani. Mkaguzi akarudi hatua moja nyuma, akatoa kijitabu mfukoni, akapekua, akakirudisha. Kisha akampa kalamu amwandikie. Ng'ambo akaishika ile kalamu kama kashikishwa mjusi.

Zamu yangu. Nilimtembeza nikazimwaga sentensi zote kumi na mbili kwa mpangilio. Hakuandika kitu. Mwishoni akaniuliza swali refu, huku akininyooshea kidole mimi, kisha wapakizi, kisha rafu. Nikampa ndiyo ya kutafakari. Akashangaa, akauliza tena. Nikampa ya haraka. Akaniwekea mkono begani, akauliza mara ya tatu, polepole. Nikampa ya kucheka kidogo. Alinipa mkono akanitikisa sana, na hapo ndipo alipoandika kwa mara ya kwanza. Nikamwona Ng'ambo uso umemshuka. Nimeula.

Sikufuta chaki, nilisahau. Mkaguzi akayaona yale maandishi, akamgeukia Mama Winchi kwa macho ya kuuliza. Yule mama akavuta kitambaa usoni, akaenda mwendo wa bibi harusi hadi kwenye nyeupe. Akarudi amebeba mfuko mgongoni kama mwanafunzi. Kwenye kijani akajikunja akashika tumbo. Kwenye Mama Mkwe akasimama, mikono kiunoni, akanipandisha na kunishusha kwa macho. Mkaguzi akacheka mpaka akavua miwani. Akajigonga kifua, akanyoosha kidole upande wa kwao. Naye anaye.

Wakakaa nusu saa wakielezana kwa vidole na vifuniko vya ndoo, hakuna neno. Niliona ni kumpotezea mgeni muda.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Barua imefika. Meneja ameisoma na kututafsiria, juu ya pipa lile lile.

Msimamizi wa ghala ni Mama Winchi. Majina ya chaki yabaki, na kila rafu ichorwe picha yake. Mkaguzi anataka kujaribu hivyo katika maghala yao mengine, kwa kuwa wapakizi wa huko nao hawasomi majina ya makao makuu.

Karani wa ghala amesifiwa. Ni nadra, anaandika mkaguzi, kukutana na karani mnyenyekevu namna hii. Alimwuliza kama yuko tayari kuacha meza kwa miezi mitatu na kupakia pamoja na wapakizi, ili alijue ghala lilivyo. Alikubali mara tatu. Mara ya mwisho akicheka.

Naanza Jumatatu. Ng'ambo hakutajwa popote, lakini alikuwa anacheka kuliko waliotajwa.

Mama Winchi ameniletea glavu. Akasema mdogo wangu, usiwe na wasiwasi, nitakuanzisha na Bibi Harusi. Mama Mkwe baadaye, mgongo ukishazoea.

Jumapili, tarehe 16 Machi

Mama mkwe amekuja, amevaa nguo yake ya sherehe. Nikamweleza kwamba wageni wamenichagua mimi peke yangu, kiwanda kizima, kwa mafunzo maalumu. Akasema hongera baba. Akauliza ni nani anayenifundisha. Nikakohoa. Mke wangu, mguu kwenye cherehani, akasema ni msimamizi.

Mama mkwe akaweka mikono kiunoni, akanipandisha na kunishusha kwa macho. Mama Winchi alimwigiza vizuri sana, na hawajawahi kuonana.

Walipokwenda kulala nimekaa kuchambua kosa. Nililihisi tangu jana, sasa nimelipata. Kosa ni lugha. Kiingereza hakikuwa cha mkaguzi, kwa hiyo nilihangaika na lugha ya watu wengine kabisa. Ilinipasa nijue ya kwao. Barua inasema anarudi baada ya miezi mitatu. Jana nilipata kitabu cha lugha yake kwa muuza vitabu vya mitumba. Kimekosa kurasa za mwanzo tu. Nimeshajifunza kusema ndiyo, na naitamka vizuri.

Kesho nitawahi kabla ya wapakizi. Karatasi mpya za rafu nimeshakata. Rula ninayo.