Wiki ya Kuwa Mtu wa Baleni

Jumatatu, 4 Agosti
Warda amekubali tuoane! Kilichobaki ni baba yake, Mzee Sleyum, mfanyabiashara wa nazi hapa Baleni. Ametaka kujua jambo moja tu: Luqmani, yaani mimi, kwao wapi? Nimezaliwa hapa, kweli, lakini nilichukuliwa ningali natambaa. Baba alikuwa mpishi wa mabalozi: Muscat, Ankara, Lusaka, Maputo. Naota Kituruki. Nahesabu Kireno. Nikikasirika sijui nianze na lugha ipi. Mpango: wiki hii niwe mtu wa Baleni kamili, hata mbuzi wakubali.

Jumanne, 5 Agosti
Nimepita kwa Mzee Sleyum makusudi. Shikamoo, marahaba, safi kabisa. Walikuwa wanakula, akasema karibu. Ankara ukikataa chakula umetukana ukoo. Nikakaa. Nikala muhogo wa nazi na samaki mpaka sinia likang'aa. Baadaye kapita Mudrik wa kijiji cha Ndagoni, yule wa bodaboda anayemkodolea Warda macho. Naye akakaribishwa. Akajibu starehe, akaenda zake. Wote wakamsifu adabu. Bibi yangu, Bibi Mize, amecheka hadi kanga ikamdondoka. Kasema mpita njia hujibu starehe. Kumbe!

Jumatano, 6 Agosti
Mzee Sleyum ameniita kwake baada ya alasiri, tuzungumze. Halua ipo, kahawa tayari. Akasema karibu. Safari hii sikukosea. Nikajibu starehe, nikaenda zangu. Nilipogeuka, alikuwa bado amesimama mlangoni na birika. Nadhani alivutiwa.

Alhamisi, 7 Agosti
Hakuvutiwa. Bibi anataka kumtuma kaka yake, Mzee Matano, awe mshenga. Nimekataa. Nimekwenda kuposa mwenyewe, na kanzu ya Muscat na kilemba, maana babu yake Mzee Sleyum alitoka Omani. Akaniuliza kwetu wapi. Nikasema Muscat. Akasema yeye hajafika huko hata siku moja. Yeye ni wa Baleni, na alidhani mimi pia. Nimeona aibu, na sijui ni aibu ya nchi gani.

Ijumaa, 8 Agosti
Bibi kanishika mkono hadi nyuma ya nyumba, kwenye mnazi mrefu. Kasema kondo langu la nyuma lilizikwa hapo, kwa hiyo mimi, mume wake wa utani, niache kuhangaika, kwetu ni pale. Nimelia. Warda ametuma ujumbe: baba yake atamsikiliza Mzee Matano kesho. Swali ni lile lile. Jibu ni neno moja, Baleni. Tukikosea tena, basi.

Jumamosi, 9 Agosti
Mzee Matano ametoka asubuhi, kanzu imepigwa pasi. Nimefikiri sana. Baleni? Fupi mno. Jibu rahisi hivyo lazima lina mtego. Na wote wanampenda nani? Mudrik. Mudrik ni wa wapi? Nikamkimbilia mzee njiani, nikamwomba aseme Ndagoni. Akaniuliza kama nina homa. Nikashikilia. Akaenda akitikisa kichwa. Sasa Bibi anachambua mchele wa pilau, anauliza nimemtuma aseme nini. Nimemwambia ni maneno yake yale yale, nimeyaboresha kidogo tu.